Saratani ya Titi kwa Mama Mwenye Mimba na Mama Anayenyonyesha

Katika nchi yetu hii ya Karagwe na Kyerwa ni vigumu kumpata mwanafunzi asiyejua kiwele cha ng'ombe. Hata yule ambaye kwao hawafugi, amekwisha kumwona jirani akikama asubuhi. Twajua ya kuwa mtamba ambaye hajazaa ana kiwele kidogo. Akishika mimba, kiwele huanza kukua. Akizaa, hujaa maziwa. Na ndama akiachishwa, kiwele husinyaa tena mpaka mimba nyingine. Mambo haya twayaona siku zote, wala hatuyastaajabii.

Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, nyama ile iliyojengwa kwa muda wa miezi tisa hwenda wapi maziwa yakikauka? Ni nani anayeibomoa? Na je, kazi hiyo ya kujenga na kubomoa yaweza kuharibika? Haya ni maswali ya elimu ya viumbe, lakini majibu yake yanagusa maisha ya mama zetu, dada zetu na shangazi zetu. Maana titi la binadamu nalo hujengwa na kubomolewa vivyo hivyo, na katika kazi hiyo ugonjwa wa saratani, ambao wengi huuita kansa, hupata nafasi yake.

Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini saratani ya titi ikitokea wakati wa mimba, au katika miaka michache baada ya kuzaa, huwa na hatari ya namna yake, na kwa nini uvimbe katika titi la mama anayenyonyesha usiachwe kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa tu. Msomaji asione haya kulisoma neno titi. Ni kiungo cha mwili kama jicho au ini, na kiungo kisichotajwa ni vigumu kukitibu.

JINSI TITI LILIVYOJENGWA

Titi la mwanamke si mfuko mtupu wa kuwekea maziwa. Ndani yake mna mafungu kama 15 hata 20. Kila fungu limefanana na tawi la mkahawa. Kijiti cha tawi ni mfereji unaotokea kwenye chuchu. Mfereji huo hugawanyika kuwa mifereji midogo zaidi na zaidi. Na mwishoni mwake vimeshikana vifuko vidogo sana, kama buni zinavyoshikana katika tawi. Vifuko hivyo ndivyo kiwanda cha maziwa.

Ukuta wa kila kifuko umejengwa kwa chembe hai, ambazo katika vitabu vyetu huitwa seli. Seli za upande wa ndani hutengeneza maziwa. Seli za upande wa nje hubana, na zikibana maziwa husukumwa mpaka kwenye chuchu. Katikati ya mafungu hayo mna mafuta, nyuzi za kushikilia, mishipa ya damu, na mishipa ya limfu ambayo mingi huelekea kwenye tezi za kwapani. Msomaji aikumbuke njia hiyo ya kwapani, maana tutairudia.

Msichana ambaye hajazaa ana mifereji, lakini vifuko vyake ni vichache na vidogo. Akishika mimba, ovari zake na kondo la nyuma hutoa homoni za estrojeni na projesteroni kwa wingi, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya prolaktini. Homoni ni wajumbe wanaopita katika damu. Wakifika katika titi huziamuru seli zigawanyike, moja iwe mbili, mbili ziwe nne, mpaka titi zima likajaa vifuko vipya. Mtoto akizaliwa na kuanza kunyonya, homoni nyingine, oksitosini, huziamuru seli za nje zibane, na maziwa hutoka.

KAZI YA KUBOMOA

Mtoto akiachishwa, maziwa hukaa katika vifuko bila kutoka. Hapo huanza kazi ambayo wengi hawaijui. Seli za maziwa, ambazo sasa hazina kazi tena, hujiua zenyewe kwa utaratibu. Si kuoza wala si ugonjwa; ni amri iliyomo ndani ya kila seli. Kisha seli walaji, ambazo ni jamii ya chembe nyeupe za damu, huingia katika titi na kuzila seli zilizokufa. Nyuzi za kushikilia hukatwa na kusukwa upya, hasa nyuzi ziitwazo kolajeni. Mafuta hurudi mahali pake. Katika panya wa maabara kazi hii huchukua siku kama kumi tu; kwa binadamu huchukua muda mrefu zaidi.

Wataalamu walipoitazama kazi hiyo kwa darubini waliona jambo la kuwashangaza. Titi linalosinyaa limefanana sana na kidonda kinachopona. Seli walaji ni zile zile zinazokuja kwenye kidonda, kolajeni ni ile ile inayofanya kovu, na ishara za kemikali ni zile zile. Mwili hutumia ufundi mmoja kwa kazi mbili. Ufundi huo ni mwema, lakini una mlango mmoja usio na bawabu, kama tutakavyoona.

SARATANI NI NINI

Katika mwili mzima seli hugawanyika kwa amri na kuacha kwa amri. Amri hizo zimeandikwa katika jeni zilizomo ndani ya seli. Mara nyingine maandishi hayo huharibika. Makosa mengi mwili huyasahihisha, au huiua seli iliyoharibika. Lakini makosa kadhaa yakikutana katika seli moja, seli hiyo huacha kutii: hugawanyika bila kuamriwa na hukataa kufa ikiamriwa. Hiyo ndiyo saratani. Haiambukizwi kwa kuguswa, wala kwa chombo, wala kwa maziwa. Wagonjwa wachache, kama 5 hata 10 katika kila 100, wamerithi kwa wazazi jeni yenye kosa. Walio wengi hawakurithi.

Hapa wapenda hesabu watapata kazi. Seli moja ikigawanyika hupata mbili, kisha nne, kisha nane. Ukiendelea hivyo mara 30 utapata seli 1,073,741,824. Wataalamu hukadiria kwamba uvimbe wa sentimita moja, ambao ndio kwanza unaanza kugusika kwa vidole, una seli zipatazo 1,000,000,000. Maana yake ni kwamba uvimbe unaogusika leo umekwisha kupita safari kubwa ya maisha yake kwa siri, na safari hiyo aghalabu ni ya miaka. Basi mama akiona uvimbe mtoto wake akiwa na miezi sita, asidhani kwamba mtoto ndiye aliyeuleta. Huenda mbegu yake ilikuwako hata kabla ya mimba.

MBEGU NA UDONGO

Mwaka 1889 mpasuaji mmoja wa London, jina lake Stephen Paget, alizichunguza habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Aliona kwamba ugonjwa haukuenea ovyo ovyo mwilini. Ulipenda viungo fulani, hasa ini. Akasema kwamba seli za saratani ni kama mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini huota tu mahali ambapo udongo unazifaa.

Sisi wakulima fikira hii hatuhitaji kufundishwa. Shamba la maharage likisha kuvunwa na udongo ukabaki umetifuliwa, mvua ikinyesha hutangulia kuota magugu. Mbegu za magugu zilikuwamo tangu zamani, lakini zilingoja udongo uliofunguliwa. Vivyo hivyo mimba huweza kuisaidia saratani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mbolea: homoni zinazoziamuru seli njema zigawanyike, huweza pia kuzihimiza zile chache zilizokwisha kuharibika. Njia ya pili ni udongo uliotifuliwa: titi linaposinyaa, nyuzi hulegezwa, mishipa hufunguliwa, seli walaji hutoa kemikali za kuponya, na ulinzi wa mwili hupunguza ukali wake ili usiushambulie mwili wenyewe. Huo ndio mlango usio na bawabu. Seli ya saratani iliyokuwa imefungwa ndani ya mfereji hupata nafasi ya kutoka na kuelekea kwapani, na kutoka hapo kwenda mbali.

Maneno haya yamejaribiwa katika maabara. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani, kati yao Traci Lyons na Pepper Schedin, walitangaza kwamba seli za saratani ya titi la binadamu zilipopandikizwa katika panya ambao matiti yao yalikuwa yakisinyaa, zilikua na kuenea zaidi kuliko katika panya ambao hawakuzaa. Waliona pia kwamba kolajeni na kemikali za kuvimba ndizo zilizosaidia, na dawa za kupunguza uvimbe zilizuia sehemu ya madhara hayo. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba hata ini la panya hukua wakati wa mimba na kusinyaa baada ya kuachisha, na wakati huo hulipokea gugu la saratani kwa urahisi zaidi. Paget angalifurahi kusikia. Lakini hayo ni ya panya. Mama asije akanunua vidonge dukani kwa ajili ya habari hii. Dawa hizo hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo, na baadhi yake ni hatari kwa mwenye mimba.

JE, KUZAA KUNALETA SARATANI?

Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana jambo hili lina pande mbili.

Kwa muda mrefu kuzaa humlinda mwanamke. Seli za titi zilizokwisha kufanya kazi ya maziwa hukomaa, na seli iliyokomaa haiharibiki kwa wepesi. Mwaka 1926 mganga wa kike wa Uingereza, Janet Lane-Claypon, alilinganisha wanawake 500 wenye saratani ya titi na 500 wasio nayo, akaonyesha kwamba kuzaa na kunyonyesha ni miongoni mwa mambo yanayowatofautisha. Mwaka 2002 uchunguzi uliokusanya habari kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba hatari hupungua kwa 7 katika mia kwa kila mtoto anayezaliwa, na tena kwa 4.3 katika mia kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha.

Lakini kabla ya kinga hiyo kufika, kuna kipindi cha kupanda mlima. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake wapatao 890,000. Ulionyesha kwamba baada ya kuzaa hatari hupanda kwanza, hufikia kilele miaka kama 5 baada ya mtoto kuzaliwa, kisha hushuka polepole. Na faida huanza kuonekana baada ya miaka kama 24. Katika kilele hicho hatari ilikuwa mara 1.8 ya ile ya mwanamke asiyezaa. Neno hilo lisimtishe mtu. Saratani ya titi kwa wanawake vijana ni ugonjwa wa nadra, na jambo la nadra likiongezwa karibu maradufu hubaki kuwa la nadra. Katika mimba yenyewe, hesabu inayotajwa mara nyingi katika nchi zilizohesabu ni mgonjwa mmoja katika mimba 3,000 hivi.

Wala mtu asiseme, "Basi tusinyonyeshe." Vifuko vya maziwa hujengwa wakati wa mimba, na lazima visinyae hata kama mtoto hakunyonya siku moja. Kuacha kunyonyesha hakumwondolei mama kipindi hicho. Humnyima mtoto chakula chake na humnyima mama kinga ya baadaye.

Jambo la kushika ni hili. Saratani inayoonekana wakati wa mimba, mgonjwa akitibiwa sawasawa, matokeo yake hukaribiana na ya wanawake wengine wa umri ule ule walio na ugonjwa wa kiasi kile kile. Hasara yake kubwa ni kuchelewa kutambuliwa. Lakini ile inayoonekana katika miaka mitano hivi baada ya kuzaa ina tabia ya kuenea zaidi, na hapo kuchelewa hugharimu mara mbili.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Labda msomaji atasema kwamba jambo la nadra namna hii lawahusu watu wa mbali. Tufanye hesabu. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa nchi yetu huzaa kwa wastani watoto 4.8, tuseme 5. Kila mtoto huchukua miezi 9 ya mimba, na akinyonyeshwa kama inavyoshauriwa, miezi 24 ya kunyonya. Jumla ni miezi 33. Ukizidisha kwa 5 utapata miezi 165, yaani miaka 13 na miezi 9. Ukiongeza miaka mitano baada ya mtoto wa mwisho, utaona kwamba mama wa kwetu, tangu ujana wake mpaka karibu na miaka 45, mara chache huwa nje ya kipindi hiki tunachokisema.

Basi yale ambayo vitabu vya Ulaya huyaandika katika sura ndogo ya mwisho, kwetu ndiyo hali ya kawaida ya mwanamke kijana anayepatwa na saratani ya titi. Katika Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wingi kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba wagonjwa kama 80 katika kila 100 hutambuliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya 3 au ya 4, na hatua zenyewe ni 4 tu.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tumfikirie mama wa kubuni, mwenye umri wa miaka 32. Ana watoto wanne, na wa mwisho ana miezi saba. Siku moja akioga anagusa kitu kigumu, kama punje ya harage, upande wa nje wa titi la kushoto. Hakiumi. Anamwambia mama mkwe wake, naye kwa mapenzi mema kabisa anamjibu: "Mwanangu, hayo ni maziwa yameganda. Kanda kwa maji ya moto, mnyonyeshe mtoto upande huo zaidi." Anakanda. Kitu hakiondoki. Mwezi wa pili anaenda kununua dawa za jipu dukani. Mwezi wa nne anasema, "Nitangoja nimwachishe mtoto, titi likisinyaa litajulikana." Mtoto anaachishwa akiwa na miaka miwili. Punje ya harage sasa imekuwa yai la kuku, na kwapani kuna tezi ngumu.

Katika habari hii hakuna mjinga wala mtu mbaya. Mama mkwe alisema lililo kweli mara nyingi, maana uvimbe mwingi wa matiti ya wanyonyeshaji si saratani: ni maziwa yaliyoziba, au jipu, au uvimbe usio na madhara. Hata katika uvimbe wa mama wajawazito na wanyonyeshaji unaopelekwa kupimwa kwa sindano, kama 80 katika 100 huonekana si saratani. Shida ni kwamba vidole vya mama mkwe, na hata vya mganga, haviwezi kujua tofauti kwa kugusa tu. Titi la mnyonyeshaji ni zito na lina mabonge mabonge. Saratani hujificha ndani yake kama nyoka katika majani makavu ya migomba. Na ule wakati mama aliouchagua kungojea, wakati wa titi kusinyaa, ndio ule ule tuliouona kuwa udongo uliotifuliwa. Alingoja mahali pabaya kuliko pote.

DALILI ZA KUTAZAMA

Maziwa yaliyoziba na jipu huja upesi, huuma, mara nyingi huleta homa, na yakitibiwa hupoa katika siku chache, kama mfugaji anavyoujua ugonjwa wa kiwele. Basi kanuni ni rahisi: uvimbe wowote katika titi la mama mwenye mimba au anayenyonyesha, ukizidi wiki mbili bila kuondoka, upimwe. Usipouma, upimwe pia. Saratani changa kwa kawaida haiumi.

Pamoja na uvimbe, mama atazame mambo haya: ngozi ya titi kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, damu kutoka katika chuchu, titi kuwa jekundu na kuvimba bila kupoa kwa dawa za jipu, tezi ngumu kwapani, na mtoto kulikataa titi moja siku nyingi bila sababu, ingawa hili la mwisho mara nyingi lina sababu nyingine ndogo.

Njia ya kujichunguza haina gharama. Mama amnyonyeshe mtoto kwanza ili titi liwe tupu. Kisha alale chali, na kwa matumbo ya vidole vitatu alipapase titi lote, kidogo kidogo kwa mzunguko, mpaka kwapani. Afanye hivyo mara moja kila mwezi. Haja si kujua kila ugonjwa. Haja ni kulijua titi lake lilivyo siku zote, ili geni likija alitambue.

JE, MWENYE MIMBA AWEZA KUTIBIWA?

Wengi hudhani kwamba mama mwenye mimba akipatwa na saratani hana budi kuchagua kati ya nafsi yake na mtoto. Sivyo. Kuitoa mimba peke yake hakuuponyi ugonjwa. Kipimo cha altrasaundi hutumia sauti tu, hakimdhuru mtoto. Kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kitazamwe kwa darubini hakumdhuru. Upasuaji wa titi waweza kufanywa wakati wo wote wa mimba. Dawa za kuua seli za saratani hazitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu wakati huo viungo vya mtoto vinaumbwa. Lakini baada ya hapo baadhi ya dawa hizo hutolewa, na huachwa wiki chache kabla ya kujifungua. Tiba ya mionzi na dawa za kuzuia homoni kwa kawaida hungoja mtoto azaliwe. Mwaka 2015 waganga wakiongozwa na Frédéric Amant wa Ubelgiji walitangaza habari za watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakati wa mimba, na wengi wao walitibiwa kwa dawa wakiwa wajawazito. Watoto hao walipolinganishwa na wengine, akili na mioyo yao ilikuwa imekua vyema kama ya wenzao. Waliopata shida zaidi ni waliozaliwa kabla ya wakati. Mama anayepewa dawa hizo baada ya kuzaa haimpasi kunyonyesha, maana dawa hupita katika maziwa. Hapo mtoto hupewa chakula kingine kwa shauri la mganga.

NJIA YA KUFUATA

Mwanzo wa njia uko karibu: zahanati ya kijiji, au kituo cha afya kama cha Kayanga au cha Nkwenda. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda hospitali, kama ile ya Nyakahanga huku Karagwe au ya Isingiro kule Kyerwa, kisha hospitali ya mkoa Bukoba. Matibabu makubwa ya saratani kwa mikoa ya ziwa hupatikana Bugando, Mwanza. Safari ya Mwanza imekuwa nyepesi kidogo tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025, maana gari halingoji tena kivuko. Dar es Salaam iko taasisi ya saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996.

Njia hii ni ndefu na ina gharama ya nauli, kulala na kula. Hatufichi. Lakini uvimbe mdogo huhitaji safari chache kuliko uvimbe mkubwa, na matibabu yake ni mepesi zaidi.

Tena wakati wa kumwona muuguzi tayari tunao. Mama huhudhuria kliniki wakati wa mimba. Kisha humpeleka mtoto kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena akiwa na miezi 9 na miezi 18. Mtoto hupimwa uzito na mama hurudi nyumbani bila kusema neno juu ya titi lake. Maneno haya yatosha: "Muuguzi, naomba unitazame na titi, kuna kitu hapa." Muuguzi hatamcheka.

Kwa kumalizia, kila mmoja wetu ana sehemu yake. Mwanafunzi, ukifika likizo, mweleze mama yako na dada yako habari ya wiki mbili. Ukiona haya, waachie jarida hili mezani. Baba, mkeo akikuambia kuna kitu katika titi, usimwambie angoje kahawa iuzwe. Tafuta nauli kwanza. Bibi na mama wakwe, ambao neno lenu husikiwa kuliko la mwalimu, mwambieni binti akande kwa maji ya moto kama mlivyozoea, lakini mhesabieni na siku; zikifika kumi na nne, mshikeni mkono mwende naye kwa muuguzi.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Titi la mama hujengwa na kubomolewa kwa kila mtoto anayezaliwa, na sisi sote tumeishi kwa kazi hiyo. Ni haki yake nalo litazamwe.